Staha Ni Deni la Nani? Historia ya Kupingana kwa Adabu Tanzania

Mjadala wa umma ukifika pagumu hapa nchini, hutokea mtu akawakumbusha wenzake watumie lugha ya staha. Mwenyekiti wa kikao cha idara husema hivyo, mkuu wa wilaya kwenye mkutano wa hadhara husema hivyo, na hata mjomba katika kikao cha ukoo. Sina ugomvi na ukumbusho wenyewe. Jambo linalostahili kuchunguzwa ni wakati unapotolewa na upande unaoelekezewa. Mara nyingi mno hutolewa baada ya aliye chini kusema jambo zito. Ni nadra kuelekezwa kwa aliye juu. Wanafunzi wangu hulipokea hili kama desturi ya kale isiyo na tarehe. Lakini lina tarehe, na kipo kipindi katika historia yetu, japo kifupi, ambapo chama tawala chenyewe kiliandika kwamba staha ni deni la mkubwa kwa mdogo.

Kwanza, lugha. Kiswahili hakikosi zana za kupingana. Mtu aliyelelewa vyema ndani yake hamwambii mwenzake "umekosea". Huanza kwa kuomba radhi kwa kosa ambalo bado hajalitenda: "uniwie radhi, mzee wangu". Kisha huikubali sehemu ya hoja: "ulilolisema ni kweli, ila…" Akiona jambo bado gumu, hujitwisha mwenyewe lawama ya kutoelewa: "labda sikukupata vizuri". Vikaoni msemaji hujiondoa kabisa, hoja yake ikasimama kama imejileta yenyewe: "imeonekana kwamba". Palipohitajika ukali zaidi, jamii zetu zilijenga taasisi maalumu. Mnyamwezi na Mzaramo waliweza kuambiana kwa utani maneno ambayo yangemgombanisha mtu mwingine yeyote, na katika pwani ya Mombasa na Lamu ya karne ya 19 hata mivutano ya miji na watawala ilijibizanwa kwa mashairi. Muyaka bin Haji alipata sifa yake kwa sehemu kubwa katika uwanja huo.

Utaratibu huu una sharti moja ambalo husahauliwa. Msikilizaji naye lazima aujue mchezo. "Ila" yangu haina kazi ikiwa unayeambiwa unasikia "ni kweli" tu, ukaishia hapo. Mtani asiyevumilia kutaniwa huuvunja utani. Wahenga waliosema mkubwa ni jalala walikuwa wakieleza wajibu wa mkubwa: kubeba yale anayotupiwa bila kuyarudisha usoni pa aliyetupa.

Sasa twende Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wenye masharti ya kuudhi. Kila mpiga kura angelazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na haki ya kupiga kura ilifungiwa wenye elimu, kipato au cheo cha kiwango fulani. Wajumbe wengi wa mkutano wa mwaka wa TANU walifika wakitaka kuususia. Julius Nyerere, aliyekuwa ametoka tu kujiuzulu ujumbe wa Baraza hilo hilo mnamo Desemba 1957, alisimama kutetea kushiriki. Walibishana kwa siku kadhaa, kisha wakapiga kura, na upande wa kushiriki ukashinda. Uamuzi huo ndio unaojulikana hadi leo kama Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu, ambaye siasa ya kushirikiana na mataifa mengine nchini haikumridhisha, alitoka na kuanzisha chama chake, African National Congress. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere na kushindwa vibaya. Ninachotaka kikumbukwe ni kidogo tu: rais wa chama aliingia ukumbini akijua kuwa wengi hawako naye, akalazimika kuwashawishi. Hakuna aliyeweza kumnyamazisha mjumbe kwa kumwambia kuwa anamkosea adabu kiongozi.

Mwaka huo huo dola lilionyesha namna lilivyoielewa adabu. Nyerere alishtakiwa kwa kashfa ya jinai kwa sababu ya makala katika Sauti ya TANU iliyowalaumu maofisa wa wilaya. Mahakama ilimtia hatiani: faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Huko ndiko ilikotoka hulka ya ofisi zetu za umma ya kumwona mkosoaji wa ofisa kuwa mhalifu. Barua za wakati huo, hata zile za malalamiko mazito, zilifungwa kwa maneno "wako mtiifu". (Nimewahi kuona barua ya hivi karibuni kabisa, ya mtumishi akidai stahili yake halali, iliyofungwa vivyo hivyo. Utiifu huo haukudaiwa na kanuni yoyote ninayoijua. Ulikuja na karatasi.)

Uhuru ulipopatikana, Nyerere alilishughulikia suala hili mapema. Mwaka 1962 alitoa kijitabu chembamba, Tujisahihishe, ambacho ningependa kila mwanafunzi wa siasa akisome kabla ya Azimio la Arusha. Hoja yake ni kwamba wana-TANU walikuwa wameanza kuipima kauli kwa kumtazama msemaji: amesema nani, yu upande gani, ana nia gani. Yeye akadai kuwa ukweli haubadiliki kwa kutamkwa na mdogo au na mtu tusiyempenda, na kwamba anayeupuuza ataumia tu. Aliwalaumu pia wale wanaonyamaza kikaoni kwa kisingizio cha kulinda umoja, kisha wakanong'ona nje. Ni maandishi ya mtu aliyeiona hatari ya adabu inayogeuka kuwa uoga. Miaka minne baadaye maandishi hayo yalipata mtihani.

Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa vyuo na sekondari za juu wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima kwa miaka miwili. Sehemu ya kwanza wangekaa kambini. Muda uliobaki, ambao ndio ulikuwa mrefu, wangefanya kazi zao huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya jijini, waliandamana kupeleka waraka wao. Nyerere aliwapokea Ikulu, mawaziri wakiwa pamoja naye, akausikiliza ukisomwa hadi mwisho.

Waraka ule unastahili kusomwa kama kielelezo cha somo letu. Umeandikwa kwa Kiingereza cha darasani, chenye kila alama ya heshima kwa Mtukufu Rais. Unalalamikia viongozi wanaojinufaisha huku wakiwataka vijana wajinyime. Na ndani ya heshima hiyo hiyo unafika mahali pa kutangaza vita: masharti yasipobadilika, walisema, miili yao itakwenda kambini lakini roho zao zitabaki nje, na mvutano kati ya wenye siasa na wenye elimu utaendelea bila mwisho. Nje ya waraka kulikuwa na mabango, na mojawapo lilisema kwamba ukoloni ulikuwa afadhali.

Niseme wazi ninavyolihukumu bango hilo. Kumwambia mtu wa kizazi kile, miaka mitano tu baada ya bendera kushushwa, kwamba ukoloni ulikuwa bora, na kumwambia hivyo kwa sababu ya kukatwa mshahara ambao hujaanza kuupokea, kulikuwa utovu wa adabu wa wazi. Wanafunzi wale walikuwa wachache mno katika nchi ya wakulima, na karo yao ilitoka kwa wakulima hao. Hasira ya Nyerere naielewa. Lakini mwanahistoria hana budi kulitazama jibu lenyewe kwa makini, maana lilikuwa na sehemu mbili, na kwa kawaida tunasimulia moja.

Sehemu tunayoisimulia ni kufukuzwa. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao chini ya ulinzi, miongoni mwao Samuel Sitta, ambaye kati ya 2005 na 2010 alikuja kuwa Spika wa Bunge. Wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka 1967. Sehemu tunayoipitia haraka ni kwamba pale pale, mbele ya wale aliokuwa akiwafukuza, Nyerere alikiri kuwa walikuwa na haki kuhusu mishahara ya viongozi: ilikuwa mikubwa mno. Akatangaza kupunguza wake kwa asilimia 20, na viongozi wengine wakakatwa yao. Kwa maneno mengine, alijibu bango na akajibu waraka. Bango lilijibiwa kwa kufukuza waliolibeba, waraka kwa kukata mshahara wake. Miezi mitatu na siku chache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha pamoja na masharti yake ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na nyumba za kupangisha.

Si Azimio lote lililozaliwa na maandamano yale, na anayedai hivyo anatia chumvi. Hata hivyo ni vigumu kuyasoma masharti ya uongozi bila kulisikia lalamiko la wanafunzi ndani yake. Hoja yao ilipita na wao wakafungiwa mlango. Hapo pana somo la kutisha ambalo kila mtumishi wa umma amelijifunza kwa vitendo hata kama hakuwahi kusoma historia hii: dola linaweza kulikubali wazo lako na likakuadhibu kwa namna ulivyolileta. Mwenye busara ya kawaida huhitimisha kwamba ni afadhali wazo libaki nyumbani. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa waliokuwa wakihoji ukuu wa chama juu ya Bunge, na kwa kufukuzwa wakapoteza viti. Baada ya hapo Bunge lilitulia kwa miaka mingi.

Katika hali hiyo ndipo lilipokuja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha historia yote hii. Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Milton Obote nchini Uganda, TANU ilitoa Mwongozo. Kwa sehemu kubwa ni waraka wa ulinzi wa nchi, lakini kifungu cha 15 kinazungumzia jambo jingine kabisa. Kinataka juhudi za makusudi za kujenga usawa kati ya kiongozi na anayeongozwa, na kinamkataza kiongozi majivuno, ufahari, dharau na uonevu. Kiongozi, kwa mujibu wa kifungu hicho, anapaswa kuwaheshimu watu.

Tuutazame ugeuzaji huu. Tangu barua za "wako mtiifu" hadi mabango ya 1966, swali lilikuwa namna mdogo anavyomwambia mkubwa. Sasa waraka wa chama ulikuwa unauliza mkubwa anamwambiaje mdogo. Tayari baada ya Arusha neno "Mheshimiwa" lilikuwa limesukumwa pembeni na "Ndugu", neno moja kwa waziri na mfagizi. Mwongozo ulitoka katika neno la kuitana ukaingia katika mwenendo, na ukaufanya utovu wa adabu wa mkubwa kuwa kosa la kisiasa.

Wafanyakazi walielewa mara moja. Kati ya 1971 na 1973 viwanda vya Dar es Salaam na kwingineko vilikumbwa na wimbi la migomo. Issa Shivji aliieleza katika kitabu chake Class Struggles in Tanzania cha 1976, na Henry Mapolu aliiandikia ilipokuwa ikiendelea. Jambo linaloshangaza katika maelezo yao ni kwamba migomo mingi haikudai nyongeza ya mshahara. Ilidai heshima. Wafanyakazi walilalamika juu ya matusi, kubezwa, kufukuzwa kwa amri ya mtu mmoja. Mameneja walifungiwa nje ya malango ya viwanda huku kifungu cha 15 kikisomwa. Mtu aliyezoea kuambiwa "wewe hujui kusema na wakubwa" alikuwa amepata maandishi rasmi ya kumjibu bosi: na wewe hujui kusema na watu.

Serikali ilivumilia kwa muda. Kilichokifikisha kipindi hicho mwisho ni wafanyakazi kuvuka kutoka katika kulalamikia lugha ya meneja hadi kuhoji kama meneja anahitajika. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam, mwaka 1973, walimfungia nje mwenye mali na kuendesha uzalishaji wenyewe. Polisi wakaja kuwaondoa. Kuanzia hapo Mwongozo ulibaki kusomwa kwenye semina.

Chuoni mpaka ulikuwa umefikiwa mapema zaidi. Julai 1971 rais wa jumuiya ya wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi iliyoupinga utawala wa chuo kwa kuutumia Mwongozo huo huo. Alikamatwa na Kikosi cha Kutuliza Ghasia ndani ya eneo la chuo na kuondolewa. Wanafunzi walisusia masomo, na baadhi ya wahadhiri wakasimama nao. Nimeshiriki mijadala mingi juu ya tukio hili, na kila mara hutokea mtu akasema kwamba kosa la Akivaga lilikuwa namna: angeandika barua ya ndani, angepitia kwa wakubwa wake, angepunguza makali. Huenda. Ila wale wa 1966 walipeleka waraka wao mikononi mwa Rais, kwa maandamano ya wazi na kwa maneno ya heshima, wakarudishwa kwao na basi. Anayetoa ushauri wa namna ana deni la kutuonyesha namna iliyofaulu.

Na ipo, walau mara moja, namna iliyofaulu, ingawa mhusika wake hakuwa mdogo. Mwaka 1993 wabunge 55 wa CCM, wakiongozwa na Njelu Kasaka, walipeleka hoja bungeni ya kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Ilikuwa kinyume na sera ya chama chao, na waliipeleka kwa utaratibu, kwa lugha ya Bunge, bila kumtukana mtu. Serikali kwanza iliipinga, kisha ikaikubali, na Agosti mwaka huo Bunge likaipitisha. Nyerere, wakati huo akiwa raia mstaafu, aliona nchi inavunjwa. Alizungumza na viongozi faraghani, akazungumza vikaoni, na mwisho akaandika kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania.

Kitabu hicho ni kikali kuliko makala iliyomfikisha mahakamani mwaka 1958. Kinamtaja Waziri Mkuu, John Malecela, na Katibu Mkuu wa CCM, Horace Kolimba, na kinawataka wawajibike. Kwa Rais Ali Hassan Mwinyi lugha inabadilika: inakuwa ya taratibu, yenye heshima kwa ofisi na kwa mtu, huku ikimwonyesha msomaji kuwa Rais amepotoshwa na wasaidizi wake. Ukikisoma kama somo la kupingana kwa adabu, utaona zana zote nilizozitaja mwanzoni zikitumiwa na fundi: kukubali sehemu, kuomba radhi, kisha ile "ila" inayobeba uzito wote. Shutuma yake kubwa kwa wasaidizi ni ile ile ya 1962. Walijua, wakanyamaza, na wengine walinyamaza wakiita ukimya wao heshima kwa Rais.

Agosti 1994 Bunge liliigeuza hoja. Desemba mwaka huo Malecela aliondolewa uwaziri mkuu, nafasi yake ikachukuliwa na Cleopa Msuya. Wabunge 55 walishindwa, lakini hawakufukuzwa uanachama kama wale wa 1968, na hiyo si tofauti ndogo. Hoja yenyewe ilirudi miaka 20 baadaye katika rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, safari hii kama pendekezo la serikali tatu lililotokana na maoni ya wananchi, na ikaondolewa tena katika Bunge Maalumu mwaka 2014. Wajumbe walioitetea walisusia wakatoka ukumbini. Walionung'unikia kutoka kwao walisema, pamoja na mengine, kwamba hawakuonyesha staha. Sehemu kubwa ya matusi yaliyowatangulia kutoka, ambayo nchi nzima iliyasikia kwenye runinga, ilitoka upande uliokuwa na wingi wa viti.

Kuhusu kitabu cha Nyerere, liko jambo moja zaidi ambalo wanafunzi hawaliamini hadi wafungue ukurasa wa kwanza na kulisoma wenyewe. Aliyekiandika alikuwa mwasisi wa taifa, mwenyekiti wa zamani wa chama tawala, mtu ambaye hakuna mwenyekiti wa kikao angethubutu kumkumbusha lugha ya staha. Kilichapishwa Harare.